Pikipiki isilale matopeni: Namna ya kuiegesha kwenye ardhi laini

MVUA ya masika inapoanza kunyesha Thika na Ruiru, waendeshaji wa bodaboda hukabiliwa na adha ambayo haizungumziwi sana: pikipiki iliyoachwa imesimama imara hupatikana imelala chini.

Kisa chenyewe huwa cha namna moja. Mwendeshaji huteremka kando ya barabara ya vumbi iliyogeuka tope, hushusha stendi, huitazama mara moja, kisha huingia dukani au nyumbani kwa mteja. Dakika kumi baadaye husikia kishindo. Akitoka nje hupata kioo cha pembeni kimevunjika, mkono wa klachi umepinda na petroli inadondoka kutoka kwenye tangi.

Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo shamba lake, na pengine bado anaulipia mkopo aliochukua kuinunua, hasara hiyo ni ya siku nzima ya kazi au zaidi. Lakini vyuma si hoja kuu. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda ina uzito wa kati ya kilo 110 na 125 kabla ya kubeba chochote, na bomba lake la moshi hubaki la moto kwa muda mrefu baada ya injini kuzimwa. Ikimwangukia mtoto anayecheza kando yake, yaweza kumvunja mguu na kumchoma kwa wakati mmoja.

Habari njema ni kwamba ajali ya aina hii ina chanzo kinachoeleweka vyema, na kinga yake haihitaji fedha nyingi. Kipande cha bati, ubao au jiwe bapa chatosha, mradi mwendeshaji ajue akiweke wapi na kwa nini.

UDONGO WA AINA MBILI

Idadi ya pikipiki nchini Kenya iliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuondoa ushuru kwa zile zenye injini ya chini ya sentimita 250 za ujazo mwaka wa 2008. Barabara Kuu ya Thika nayo ilizinduliwa rasmi Novemba 2012, na mitaa ya makazi ikazidi kutanuka pande zake zote mbili. Wakazi wengi wa mitaa hiyo hushuka kwenye matatu barabarani, kisha hubebwa na bodaboda hadi kwenye milango yao kupitia njia ambazo hazijatiwa lami.

Njia hizo hupita kwenye udongo wa aina mbili kuu. Upande wa magharibi, kuelekea Gatundu na miinuko ya Kiambu, ardhi ni nyekundu. Udongo huo huteleza unapolowa, lakini hupitisha maji vizuri na tabaka lake la chini hubaki na nguvu. Stendi huzama kidogo, kisha mara nyingi hukwama.

Upande wa mashariki, kwenye tambarare zinazoelekea Juja Farm, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Huu ndio unaosumbua zaidi. Chembechembe zake hufyonza maji na kuvimba, kisha hunywea na kupasuka jua linapowaka. Wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali, ukiwa na nyufa ambazo unyayo wa stendi waweza kutumbukia ndani yake. Wakati wa mvua hugeuka kama ugali mbichi.

Hatari yake ipo pia katika siku za katikati. Baada ya mvua kukatika kwa siku moja au mbili, jua hukausha uso wa udongo mweusi ukaonekana kuwa imara, ilhali chini ya ganda hilo jembamba mna tope. Stendi hushikiliwa na ganda kwa muda, kisha hulitoboa ghafla.

Kuna ardhi laini nyingine isiyotokana na mvua. Mitaro iliyofukiwa baada ya kupitishwa mabomba ya maji au nyaya huwa na udongo mlegevu kwa miezi kadhaa hata ikionekana kavu. Mahali pa kuoshea magari huwa palowevu mwaka mzima. Hata lami iliyowekwa karibuni yaweza kulainika kwenye jua kali la adhuhuri na kuruhusu stendi kuzama polepole.

KWA NINI STENDI HUZAMA

Pikipiki iliyoegemezwa kwenye stendi ya pembeni husimama juu ya nukta tatu: magurudumu mawili na unyayo wa stendi. Sehemu kubwa ya uzito hubebwa na magurudumu. Stendi hubeba sehemu ndogo tu, lakini huibeba juu ya eneo dogo mno.

Tuchukue mfano. Iwapo stendi imebeba kilo 20 na unyayo wake una ukubwa wa sentimita 10 za mraba, kila sentimita ya mraba ya ardhi hubebeshwa kilo 2. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa viatu viwili vyenye jumla ya sentimita 350 za mraba huibebesha ardhi hiyo kilo 0.2 tu kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hivyo, stendi huikandamiza ardhi mara kumi zaidi ya mtu huyo, ingawa pikipiki inaonekana kuegemea kwa wepesi.

Ndiyo maana mwendeshaji hudanganyika. Yeye mwenyewe husimama pale pale bila kutitia, akaamini kwamba stendi nayo itasimama.

Jambo la pili ni kwamba kuzama huzaa kuzama. Pikipiki nyingi huegemea upande wa kushoto zinaposimama kwenye stendi ya pembeni. Unyayo unapoingia ardhini, mwegemeo huongezeka, na kila unapoongezeka, sehemu kubwa zaidi ya uzito huhama kutoka kwenye magurudumu hadi kwenye stendi. Stendi iliyoongezewa mzigo huzama tena.

Ikiwa unyayo uko umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye mstari wa magurudumu, kuzama kwa sentimita 3 pekee huongeza mwegemeo kwa karibu digrii 6. Kitovu cha uzito wa pikipiki kikivuka mahali stendi iliposimama, hakuna kinachoweza kuizuia isianguke.

Mzunguko huo huchukua muda. Udongo wa mfinyanzi hukubali kidogo kidogo, na mtikisiko wa lori linalopita au manyunyu mapya ya mvua huuharakisha. Kwa sababu hiyo pikipiki haianguki mwenyewe akiitazama. Huanguka akiwa amekwisha kuondoka.

KUPIMA ARDHI KWA KISIGINO

Kabla ya kushusha stendi mahali pageni, mwendeshaji anaweza kuipima ardhi kwa njia rahisi isiyohitaji kifaa chochote. Aukanyage udongo kwa kisigino kimoja cha kiatu, kisha akielemeze uzito wake wote.

Kisigino cha kiatu cha kawaida kina eneo la takriban sentimita 30 za mraba. Mtu wa kilo 70 akikisimamia peke yake, huibebesha ardhi zaidi ya kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi kinachokaribiana na kile cha stendi katika mfano wetu. Kisigino kikizama, stendi nayo itazama. Kisipoacha alama yoyote baada ya nusu dakika hivi, mahali hapo panafaa, ingawa kwenye udongo mweusi ni vyema kurudia kipimo hatua moja au mbili pembeni.

Mahali palipo bora zaidi ni penye saruji, mawe yaliyopangwa au changarawe iliyoshindiliwa. Nyasi nene zisimpumbaze mtu. Mizizi yake husaidia kidogo, lakini majani huficha unyevu na mashimo yaliyo chini yake.

BAMBA CHINI YA STENDI

Pasipokuwa na ardhi ngumu, dawa ni kuupanua unyayo. Bamba la sentimita 10 kwa 10 lina eneo la sentimita 100 za mraba. Zile kilo 20 za mfano wetu zikitandazwa juu yake, kila sentimita ya mraba hubeba kilo 0.2, sawa kabisa na mtu aliyesimama kwa miguu yake miwili. Hivyo basi, pale mtu anapoweza kusimama bila kutitia, stendi yenye bamba nayo yaweza kusimama.

Vitu vinavyofaa havikosekani Thika na Ruiru. Maeneo yote mawili yana ujenzi mwingi, na vipande vya mbao hutupwa kila uchao. Mabaki bapa ya mawe ya kujengea yanayochimbwa Ndarugu hufaa pia, mradi yasiwe membamba kiasi cha kuvunjika. Mkebe mgumu uliopondwapondwa ukawa bapa waweza kumfaa mtu aliyekwama safarini.

Bati la kuezekea, likiwa karatasi moja, hujikunja na kuizunguka stendi badala ya kutandaza uzito. Heri likunjwe mara tatu au nne. Karatasi ya plastiki na gunia tupu havisaidii, kwa sababu huzama pamoja na stendi.

Bamba la kubeba safarini litobolewe tundu pembeni na kufungwa kamba. Ncha ya pili ya kamba ifungwe kwenye usukani wakati pikipiki imesimama. Kamba hiyo ina kazi mbili. Kwanza, humwezesha mwendeshaji kulivuta bamba kutoka topeni bila kuinama. Pili, humkumbusha kwamba bamba bado liko chini kabla hajaondoka.

Wapo wanaopendelea suluhisho la kudumu. Mafundi wa jua kali wanaochomelea vyuma wanaweza kuunganisha kipande cha chuma kwenye unyayo wa stendi. Kipande hicho kisiwe kikubwa kupita kiasi. Stendi inapokunjwa, chuma kisiguse mnyororo, gurudumu wala kikanyagio cha gia, na kisining'inie chini kiasi cha kukwaruza barabara pikipiki inapokata kona upande wa kushoto. Kazi ikimalizika, stendi ifunguliwe na kukunjwa mara kadhaa kabla ya pikipiki kutoka kwa fundi.

Kosa moja husahauliwa hata na wazoefu. Bamba huizuia stendi kuzama, lakini haliyazuii magurudumu. Tope likiwa jingi, magurudumu yaweza kushuka ilhali stendi imebaki juu. Pikipiki huinuka polepole ikawa wima, kisha huangukia upande wa pili usio na stendi. Kwenye tope la aina hiyo, ubao uwekwe pia chini ya gurudumu la nyuma, au bora zaidi, pikipiki iondolewe hapo.

STENDI YA KATIKATI

Pikipiki nyingi za kazi huwa na stendi ya pili yenye miguu miwili, iliyofungwa chini ya injini. Kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, stendi hii huisimamisha pikipiki wima na kuirahisishia kazi ya kupakia mizigo.

Kwenye ardhi laini hali hubadilika. Stendi ya katikati hubeba sehemu kubwa zaidi ya uzito kuliko ile ya pembeni, na miguu yake miwili imekaribiana. Mguu mmoja ukizama zaidi ya mwenzake, pikipiki huinamia upande huo, na hakuna ajuaye mapema ni upande upi.

Tiba yake ni ubao mmoja mpana unaotosha miguu yote miwili. Vibao viwili tofauti havifai, kwa kuwa kimoja chaweza kuzama peke yake. Ubao mmoja hushuka kwa pamoja. Ukishuka, gurudumu la nyuma hugusa ardhi na kusaidia kuubeba uzito.

MTEREMKO, GIA NA USUKANI

Ardhi laini yenye mteremko huhitaji uangalifu maradufu. Gurudumu la mbele lielekezwe upande wa juu. Stendi ya pembeni hukunjika kuelekea nyuma, kwa hivyo pikipiki iliyoelekezwa chini ikisogea mbele hata kidogo, stendi hujikunja yenyewe. Injini ikishazimwa, gia ya kwanza iingizwe ili gurudumu la nyuma lisizunguke.

Usukani ugeuzwe kikamilifu upande wa stendi, yaani kushoto, kisha ufungwe kwa ufunguo. Mbali na kumzuia mwizi, hatua hiyo hulizuia gurudumu la mbele kuyumba na huifanya pikipiki ituame vizuri zaidi.

Mteremko wa ubavuni uepukwe kabisa. Upande wa stendi ukiwa chini, pikipiki huegemea kupita kiasi. Ukiwa juu, pikipiki husimama karibu wima na kusukumwa kidogo tu kwatosha kuiangusha upande wa pili.

Stendi yenyewe nayo ikaguliwe. Parafujo yake ikilegea au tundu lake likilika, mwegemeo huwa mkubwa tangu mwanzo. Springi iliyochoka huiacha stendi ikining'inia safarini, jambo linaloweza kuleta ajali mbaya stendi hiyo ikigonga ardhi kwenye kona. Udongo mweusi hugandamana hapo na kukauka kama saruji, kwa hivyo msimu wa mvua stendi ioshwe na kutiwa mafuta mara kwa mara. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MIZIGO NA ABIRIA

Mzigo ulioko juu ya kiti huinua kitovu cha uzito na kuongeza kilo juu ya stendi. Pikipiki iliyobeba mitungi ya maziwa, magunia ya makaa au mitungi ya gesi isiachwe kwenye stendi ya pembeni juu ya udongo laini, hata kwa dakika moja. Mzigo ushushwe kwanza, au mtu mwingine aishikilie.

Wakati wa kupakia, uzito ugawanywe sawa kwa pande zote mbili. Kurundika upande mmoja kabla ya kuanza mwingine kumewaangushia wengi kazi ya asubuhi nzima.

Abiria naye asipande wala kushuka pikipiki ikiwa imeegemea stendi. Uzito wa mtu mzima anayekanyaga upande mmoja huweza kuizamisha stendi iliyokuwa imetulia. Mwendeshaji akae kwanza, aisimamishe pikipiki kwa miguu yake, ndipo abiria apande. Watoto wasiruhusiwe kuketi juu ya pikipiki iliyoegeshwa, hata kwa kupigwa picha.

Pikipiki za umeme zilizoanza kuenea nchini katika miaka ya 2020 hazina petroli ya kumwagika wala bomba la moshi la kuchoma. Hata hivyo, betri zake ni nzito na stendi zake huzama kama za nyingine. Kanuni ni zile zile.

STEJI NA NYUMBANI

Kwenye steji, pikipiki hupangwa kwa safu zikiwa zimeegemea upande mmoja. Moja ikianguka, huigonga jirani yake, na safu nzima hulala. Nafasi ya zaidi ya mita moja kati ya pikipiki mbili huukata mnyororo huo. Mahali ambapo nafasi haitoshi, ardhi ndiyo itengenezwe.

Wanachama wa steji wanaweza kuchanga na kununua changarawe, au kupanga safu ya mawe bapa palepale stendi zinaposhukia. Hakuna haja ya kuweka saruji eneo zima. Ukanda mwembamba wa mawe, ulioinuliwa kidogo ili maji yasituame, wawatosha wote. Majiko ya kuchomea mahindi yakae mbali na safu hiyo, kwa kuwa petroli inayomwagika na makaa ya moto havipatani.

Nyumbani, hasa kwenye ploti ambako ua hutumiwa na familia nyingi, pikipiki iegeshwe upande wa stendi ukiwa umeelekea ukutani. Iwapo stendi itazama usiku, pikipiki itauegemea ukuta badala ya kulala mahali wapitapo watoto. Jiwe moja pana likiwekwa hapo kwa kudumu humwondolea mwenye pikipiki wasiwasi kila jioni.

IKISHAANGUKA

Licha ya tahadhari zote, pikipiki yaweza kuanguka. La kwanza ni kuwaondoa watu, hasa watoto, na kuzuia moto wa aina yoyote usikaribie. Ufunguo uzimwe na koki ya mafuta ifungwe.

Ikiwa imelalia upande wa kulia, stendi ya pembeni ifunguliwe kabla ya kuinuliwa ili iidake pikipiki itakapovuka wima. Kisha bamba au ubao uwekwe tayari, la sivyo itazama tena palepale.

Watu wawili ni bora kuliko mmoja. Mtu akiwa peke yake, akipe kiti mgongo, achuchumae, ashike usukani kwa mkono mmoja na fremu chini ya kiti kwa mwingine, kisha asukume kwa nguvu za miguu akirudi kinyumenyume kwa hatua fupi. Kuinama na kuinua kwa kiuno huumiza mgongo, na mgongo haununuliwi dukani kama kioo.

Pikipiki ikishasimama, isiwashwe papo hapo. Iachwe dakika chache petroli iliyomwagika ikauke, kisha vikaguliwe breki, klachi, kiwango cha oili na kishikio cha mafuta kuona kama kinarudi chenyewe kinapoachiliwa.

Kwa mwendeshaji mwenye haraka ya kumfikia mteja anayefuata, huenda haya yote yakaonekana kuwa mengi. Lakini kupima kwa kisigino na kutupa kibao chini ya stendi hakuchukui hata dakika moja. Akishafanya hivyo, ahesabu polepole hadi thelathini huku akiutazama unyayo wa stendi. Usiposogea, aende zake. Ukisogea hata kwa upana wa kidole, aihamishe pikipiki, maana hautaishia hapo.